Siku Niliyokuwa Serikali

Kitu cha kwanza nilichofanya kazini kilikuwa cha kijinga, na ninaanza nacho ili msikisikie kwa watu wa Mwatate kabla yangu. Nilipiga mlango wa mama mmoja kwa ngumi, nikatoa sauti ya naibu wa mwalimu mkuu wetu, ile anayoitumia akitafuta simu bwenini, nikasema, "Fungua mlango. Serikali."

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku yangu ya kwanza. Ndani redio ilikuwa inaongea na mwanamke alikuwa anaijibu. Nilidhani atatoka, aone kijana mwembamba mwenye begi kubwa, tucheke wote. Redio ikazimwa. Sufuria ikaanguka. Nikasikia mlango wa nyuma, miguu ikikimbia, halafu kimya, na kwenye kile kimya ikaja harufu ya karatasi inayoungua.

Ninawaandikia nyinyi wawili mtakaochukua rekoda likizo ya Desemba. Mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, na najua wastaafu wengi huagwa kwa keki na blanketi, lakini mtaona mbele kwamba hafla yangu ilikuwa fupi. Nimefanya kazi likizo mbili, ya Aprili na ya Agosti. Kuhusu kupandishwa cheo sina la kuandika. Mshahara ulikuwa chapati na chai ya maziwa, na siku za Kishushe ulikuwa biskuti.

Bosi ni Dokta Wakesho. Majina yote humu nimeyabadilisha, hata lake, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha. Anafundisha sayansi ya siasa chuo kikuu, lakini kwao ni Chawia, na anaandika kitabu kuhusu nani anahesabiwa kuwa raia na nani anafukuzwa nchini. Alikuwa mteja wa mama yangu, ambaye ni fundi wa nguo hapa Voi. Siku moja akipimwa sketi akasema anatafuta kijana anayejua Kidawida na Kiswahili, mwenye mwandiko unaosomeka, na anayeweza kubeba begi. Mama hakutoa hata pini mdomoni. Akasema, "Mchukue huyo. Hapa nyumbani kazi yake ni kumaliza sukari." Hiyo ndiyo intavyuu niliyofanyiwa.

Mimi nilidhani sayansi ya siasa ni masomo ya kuwa mwanasiasa, na nilikuwa nimetayarisha maswali kuhusu magari. Dokta akaniambia yeye hufanya kazi na swali moja tu. Ukiambiwa uthibitishe kwamba wewe ni wa hapa, utaonyesha nini? Nikasema kitambulisho, nikikipata. Akauliza nitakipata nikionyesha nini. Nikasema cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mama. Na Mama alipata chake akionyesha nini? Tukarudi nyuma hivyo, mtu baada ya mtu, mpaka tukafika kwa babu ya babu yangu, ambaye hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na mbuzi.

"Basi," akasema Dokta, "ukoo wenu wote umesimama juu ya mtu ambaye hakuulizwa."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa namwonea huruma yule babu.

Sasa zana. Rekoda ni ndogo kama kipande cha sabuni na huzimika ikipata joto, kwa hivyo usiiache kwenye kioo cha gari. Daftari ni la jalada gumu, na ndani yake kila mtu ana jina la mti. Mtu wa kwanza tuliyemhoji aliitwa Mwarobaini, wa pili Mkwaju. Mimi nilimpa chifu mmoja mstaafu jina la Mchongoma na Dokta akanifuta, akasema miti haitumiki kutoa maoni. Gari huachwa mbali. Watu waliolelewa kwenye kambi za mkonge wanajua kwamba gari likisimama mlangoni, mtu mmoja wa nyumba ile ataondoka nalo. Ndiyo sababu siku ya kwanza nilifika pale mlangoni peke yangu. Dokta alikuwa bado anatafuta kivuli cha kuegesha.

Alipofika alinikuta nimesimama pale pale. Akapiga hodi, na jirani aliyekuwa anaanika mahindi nyuma ya ua ndiye aliyemjibu.

"Umechelewa, mama. Serikali imeshapita. Nimeisikia na masikio yangu, sauti ya mtu ameshiba."

Dokta akanigeukia. "Ulimwona mtu yeyote?"

"Sikuona mtu," nikasema.

Na ni kweli sikuona mtu. Katika kazi hii mtagundua kwamba jibu la kweli linaweza kutumwa kufanya kazi chafu sana. Dokta akatoa daftari akaandika saa, maneno yaliyosemwa, na harufu. Zile sentensi zikakua baadaye, zikawa kurasa nne zenye kichwa chao. Kwa miezi minne nilikuwa tukio ndani ya kitabu cha watu.

Yule mama tulimpata saa tisa, kule kambini kwa wakata mkonge, kwa mke wa kaka yake. Tumwite Mama Sipora. Binti yake Sipora alikuwa amekaa kando yake na sweta mbili mapajani, na jua la Mwatate mnalijua.

"Umechoma nini?" Dokta akamwuliza baada ya salamu.

"Kadi ya baba."

"Ile uliyoniambia kwa simu?"

"Hiyo hiyo."

Dokta akakaa chini kwenye jiwe bila kulipangusa, na yeye si mtu wa kukaa bila kupangusa. Sikuelewa. Alinieleza tukirudi. Baba yake Mama Sipora, Ndai, alitoka Urundi, Burundi ya leo, akaja kukata mkonge kabla ya Uhuru. Kampuni ilimpa kadi ya kazi yenye namba, alama ya kidole gumba, mahali alipotoka, na mwaka aliochukuliwa. Hakuna aliyewahi kumpa karatasi nyingine. Mtoto wake amezaliwa kambini, amesomea Mwatate, ameolewa Mwatate na kufiwa na mume Mwatate, na hana kitambulisho. Sheria inasema mtu asiye na nchi, ambaye wazazi wake walikuwa hapa tangu kabla ya Uhuru, anaweza kuandikishwa kuwa raia. Anachotakiwa ni kuthibitisha kwamba walikuwepo. Mwisho wa Agosti kamati ingekaa Mwatate kuwahoji watu kama yeye, jambo ambalo wenyewe huliita vetingi. Dokta siku ile alikuwa anakwenda kuipiga picha ile kadi.

Kadi ilikuwa na mistari miwili yenye maana. Mstari wa juu uliandikwa Urundi, na ungeweza kumfukuza. Mstari wa chini ulikuwa na mwaka, na ungeweza kumbakisha. Ilitegemea msomaji anaanzia wapi na ana haraka gani.

"Kwa Filipo walianzia juu," alisema Mama Sipora.

Filipo ni kaka yake. Miaka mingi iliyopita watu wenye gari walimjia, na hata leo hajui walikuwa wa ofisi gani. Alikuwa na kadi yake mwenyewe iliyonakiliwa kutoka kwa ya baba. Walisoma Urundi wakamwambia apande arudishwe kwao. Urundi ni mbali na mafuta ni ghali, kwa hivyo walimshusha mpakani Taveta na kumwonyesha Tanzania kwa kidole. Ng'ambo wakamwuliza yeye ni wa wapi. Akasema Mwatate. Wakampa uji, wakacheka naye, kesho yake wakamrudisha. Upande wa huku wakasema huyu tulimtoa jana. Alipita msituni siku tatu kurudi kwenye kitanda chake, na anasema ndovu ndio pekee ambao hawakumwuliza kitu. Filipo haongei mbele ya rekoda. Anaongea akiwa amekupa mgongo, akinoa panga, na ukikohoa ananyamaza.

Tangu siku ile dada yake alijiwekea utaratibu. Wakija kwake, kadi itatangulia motoni na yeye atatoka kwa mlango wa nyuma. "Nimejizoeza," alituambia, kama mtu anayeeleza namna ya kupika maharagwe. "Sipora ni wa sweta na chupa ya maji. Mimi ni wa kadi. Leo tumetumia dakika ngapi sijui, lakini hatukugongana."

Nilikuwa nashika rekoda. Nikaangalia kama betri inatosha. Ilikuwa inatosha.

Kulala nyumbani kwake aliacha. Mchana alikwenda kufagia na kumwagilia sukuma, jioni anafunga anarudi kubanana kambini na wifi yake na watoto watano. Sipora naye alikuwa anatimiza miaka kumi na minane mwaka unaofuata, na bila kitambulisho cha mama hangepata chake, wala mtihani wa mwisho haungemfikisha mbali. Haya yote niliyajua Aprili. Nikarudi shuleni nikaigiza sauti ya naibu kila jioni, na kila mtu akacheka, na nikaona hakuna haja ya kuharibu.

Kabla ya shule kufunguliwa Dokta alishaanza kutafuta njia nyingine. Kama karatasi hakuna, basi mtu: mmoja aliye hai, aliyemwona Ndai shambani kabla ya Uhuru, na aje aseme mbele ya kamati. Hesabuni wenyewe umri wa mtu kama huyo. Tulizunguka makanisa mawili na baraza moja, na jina lililobaki lilikuwa moja, Mzee Righa wa Chawia, aliyekuwa nyapara kijana mle shambani, kazi yake kusimamia wakataji na kukagua mafungu ya majani yaliyofungwa.

Mzee Righa tulimkuta anafukuza tumbili kwenye kabeji huku redio ya mpira ikiwa shingoni kwa kamba. Dokta akajitambulisha.

"Wewe si binti wa yule mwalimu aliyekuwa akichapa watoto?" Mzee akauliza.

"Ndiye baba yangu."

"Alinichapia mtoto. Uliza haraka, mechi inaanza."

Dokta akamwuliza kuhusu mtu anayeitwa Ndai. Mzee akatikisa kichwa. "Nilikuwa na watu mia mbili. Majina hayakunihusu. Mimi nilijua mafungu."

"Hata uso wake, Mzee?"

"Wakati huo wote walikuwa na uso mmoja, wa vumbi. Kwaheri."

Dokta aliandika "hakumbuki" na akaniambia tusimlaumu mtu kwa kusahau, maana tunaomlaumu hatukuwepo. Mimi nilimlaumu mpaka tukafika Mwatate. Kisha shule.

Agosti tulianzia Kishushe, na nitaitaja kwa sababu huko mtapelekwa. Barabara itawaharibia nyonga. Bibi mmoja wa huko alikataa kuhojiwa kabla ya yeye kumhoji Dokta. Alimwuliza ukoo wa baba, ukoo wa mama, bibi yake alizikwa wapi, na shamba la babu lilipakana na la nani. Hapo kwa mpaka wa shamba Dokta akakwama. Bibi akasema, "Basi na wewe tutakufikiria," akatupa maziwa. Dokta alicheka njia nzima, halafu karibu na Mwatate akaacha kucheka akasema yule bibi amemwuliza maswali yale yale ya kamati. Chukueni biskuti zaidi ya mnavyodhani.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya kuni. Wakati Dokta alikuwa anaongea na Filipo, yaani na mgongo wa Filipo, nilijitolea kumsaidia Mama Sipora kutoa kuni kwenye tita. Nilikuwa najitolea sana mwezi ule. Hata maji nilichota, na hakuna aliyenishuku kwa sababu hawakunijua. Tita lilifungwa kwa ukanda wa jani la mkonge. Nilivuta, nikapinda, nikatumia meno.

"Acha, utabaki kibogoyo," Mama Sipora akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. "Hilo halifunguki, linakatwa. Ni fundo la baba. Kiwandani walikuwa wakimtukana."

"Nani alikuwa anamtukana?"

"Wote. Lakini nyapara zaidi. Baba alisema fundo linalofunguka kirahisi, mwenye mkono mrefu anapunguza fungu lako njiani, halafu anakuja kukuuliza majani mengine yako wapi."

Nyapara tuliyemjua alikuwa mmoja tu, wa Chawia. Halafu nikamwomba anifungie tita jingine, dogo.

Dokta hakuamini kwamba fundo linaweza kumkumbusha mtu, lakini aliendesha mpaka Chawia. Tulimkuta Mzee Righa amekaa kwenye kigoda na redio imezimwa, timu yake ilikuwa imeshindwa. Nikaweka kuni miguuni pake, nikasema, "Babu, tumekuletea kuni."

Alishukuru, akainama kulifungua lile tita. Vidole vikasimama. Akaligeuza upande wa pili, akalivuta, akaliacha.

"Nani amefunga hii kitu?"

"Mama mmoja wa Mwatate."

"Muongo. Hii ni ya yule Mrundi mbishi." Akainuka. "Mashine imesimama, watu wamesimama, Mzungu amesimama anatazama saa, kwa sababu kuna mjinga anakata fundo la huyu mtu kwa kisu. Nikamwambia, Ndai, funga kama wenzako. Akaniambia wenzangu wanaibiwa. Mimi! Nikamrudisha shambani mara tatu afunge upya, na mara tatu akarudi na lile lile."

"Mwaka gani, Mzee?" Dokta akauliza taratibu, bila kutoa daftari. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuna wakati wa kutotoa daftari.

"Nilikuwa sijaoa. Nilioa mwaka mmoja kabla ya bendera ya Uhuru. Hesabu wewe, umesoma."

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa ofisi ya chifu, wiki ya mwisho ya likizo. Walikuwa wanne: chifu, wazee wawili, na afisa wa usajili, kijana mpole mwenye tai fupi na chupa ya chai aliyowamiminia wazee kwanza. Mama Sipora alikaa kiti cha katikati. Sipora alisimama mlangoni. Mimi na Dokta tulikaa kwenye benchi la mashahidi, na Mzee Righa alikuwa amevaa koti la harusi ambalo lilimbana.

Alitoa ushahidi kwa dakika kumi na hakukuwa na neno zuri hata moja kuhusu marehemu. Alieleza ubishi wake, fundo lake, jinsi alivyokataa kuvua kofia. Mama Sipora akapewa ukanda wa mkonge na vijiti, akafunga. Wazee wawili wakajaribu kufungua kwa zamu. Mmoja akavunja ukucha.

"Kwa hiyo ulimjua vizuri huyu Ndai," afisa akasema.

"Nilimchukia vizuri," Mzee Righa akajibu. "Kumjua ni kidogo."

Afisa aliandika, na niliona chifu akitabasamu kwenye kikombe. Mambo yalikuwa yanakwenda. Kisha afisa akafungua faili akauliza jambo lililobaki.

"Mama, kwenye fomu umesema kulikuwa na kadi ya kazi. Iko wapi?"

"Niliichoma."

"Kwa nini?"

"Serikali ilikuja mlangoni. Mwezi wa nne."

Afisa akaweka kalamu. Akavuta daftari la safari za maafisa, akapekua taratibu, akarudi nyuma, akapekua tena. "Mama, mwezi wa nne hakuna afisa aliyetumwa Mwatate. Wala wa tatu." Hakupandisha sauti. "Hapa unaongea chini ya kiapo. Nikiandika kitu ambacho si kweli, ushahidi wote unaharibika, hata wa huyu mzee. Nakuuliza tena. Nani alikuja?"

"Serikali," akasema Mama Sipora, polepole zaidi. "Nilisikia mwenyewe. Jirani alisikia."

Mzee mmoja wa kamati akanong'ona na mwenzake. Nilisikia neno "anaficha". Dokta alikuwa tayari amesimama, na daftari lilikuwa mkononi limefunguliwa penye zile kurasa nne.

"Mheshimiwa, mimi nilifika pale dakika chache baadaye. Nimeandika kila kitu. Niko tayari kuapa."

Nilimshika Dokta kwa mkono wa blauzi.

"Usiape, Dokta. Serikali ilikuwa mimi."

"Wewe ni nani?" afisa akauliza.

"Msaidizi wa utafiti."

"Wa kutafuta nini?" mzee mmoja akasema, lakini hakuna aliyemjibu.

Nikaeleza. Ngumi, sauti, redio kuzimwa. Ilikuwa fupi kuliko nilivyofikiri. Jambo nililolibeba miezi minne lilikwisha kabla chai haijapoa. Chifu akaweka kikombe chini. "Hebu sema vile ulivyosema siku hiyo," akaniambia. "Kwa hiyo sauti."

"Chifu, tafadhali."

"Huyu mama ameitwa muongo hapa. Sema tusikie."

Nikasema. Ilitoka vizuri, kama kila siku. Mama Sipora akashika kiti kwa mikono yote miwili. Mlangoni, Sipora akainama kuokota sweta, na hakukuwa na sweta pale chini, ilikuwa saa sita mchana. Hiyo sauti imewachekesha watu darasa zima, bweni zima, basi zima la mashindano ya drama. Kwenye ukumbi ule hakuna aliyecheka, na tangu siku hiyo sijaitoa tena.

"Ndiye huyu aliyeniletea kuni?" Mzee Righa akauliza. Akaambiwa ndiye. Akafungua kifungo cha koti.

Afisa alikata mstari kwenye fomu, akaandika mwingine, na akausoma kwa sauti ili wote wausikie: kadi iliharibiwa na mwombaji kwa hofu, baada ya kudanganywa na mtu asiye afisa. Akaniuliza jina langu kamili akaliandika pembeni. Chifu akaweka sahihi, wazee wakaweka, Mzee Righa akaweka kubwa kuliko zote. Faili lilikwenda Nairobi pamoja na lile fundo ndani ya bahasha. Mpaka leo ninapoandika hawajajibu, na Dokta anasema kimya cha miezi miwili kwa ofisi ile si kibaya.

Nje, Mama Sipora alinipita. Alikwenda moja kwa moja kwa Dokta.

"Kwa hiyo hakuna aliyekuja."

"Hakuna."

"Naweza kulala kwangu leo."

"Unaweza."

"Miezi minne," akasema, na akamshika Sipora bega wakaondoka kuelekea kambini kuchukua vyombo vyao.

Dokta alingoja mpaka tukafika kwenye gari. Alifungua daftari juu ya boneti akapiga mstari kwenye ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne, kwa rula, mistari imenyooka. Alisema yeye pia ana kosa lake, kwa sababu kama mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza angemletea habari ya mlango kwa ushahidi wa moshi na jirani mmoja, angemrudishia. Halafu akaniomba rekoda. Nikampa, na waya wake. "Kuanzia leo umestaafu," akasema. "Una kazi moja iliyobaki. Waandikie watakaokuja, na usijipambe." Hiyo ndiyo hafla niliyowaambia. Alinifikisha Voi, na njiani aliniuliza kama nimekula.

Mama nilimwambia siku hiyo hiyo, dukani kwake, akiwa anapinda suruali ya mteja. Sikuruka kitu. Cherehani ilikuwa inakwenda nilipoanza. Nilipofika kwenye sweta aliweka kiganja juu ya gurudumu, ikasimama. Nilingoja kupigwa, na ningefurahi kupigwa. Aliondoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kile kimto chake. Alivyosema, neno kwa neno, ni hivi:

"Kesho utarudi Mwatate. Utafika kwa huyo mama mchana, majirani wakiwa nje wanakuona. Utapiga hodi, useme jina lako, jina la baba yako, jina la babu yako, na mahali mnatoka. Halafu unyamaze, usimame hapo nje mpaka yeye aamue kama anakujua."